"Uko tayari kwa Plus?" Maana ya utayari katika skwea densi

Mtu akishamaliza mafunzo ya mwanzo katika klabu ya skwea densi, ile densi ya Kimarekani ya watu wanane, haikawii kabla hajaulizwa kama yuko tayari kwa Plus, fungu linalofuata la miito, yaani maagizo ya densi. Wengi hujibu kwa kuhesabu: nimejifunza miezi kadhaa, miito yote naijua, basi niko tayari. Hesabu hiyo haitoshi.

Kwanza mchezo wenyewe. Jozi nne husimama kwenye pande nne za mraba, na mwitaji mwenye maikrofoni hutamka miito mmoja baada ya mwingine. Hakuna ajuaye kitakachofuata. Mwito ukitamkwa, unafanywa papo hapo. Miguu haina kazi kubwa, ni kutembea tu kwa mdundo. Aliyekulia kwenye chakacha atagundua mapema kwamba kiuno hakimsaidii kitu hapa, kazi yote iko masikioni na kichwani. Na miito hutamkwa kwa Kiingereza hata Japani na Ujerumani, kwa hiyo mgeni huweza kucheza na wenyeji kabla hajajua kuwasalimu kwa lugha yao.

Callerlab, jumuiya ya waitaji iliyofanya mkutano wake mkuu wa kwanza mwaka 1974, imeigawa miito hiyo mafungu. Mainstream ina miito karibu 70, Plus huongeza kama 30, kisha inakuja Advanced yenye A1 na A2, halafu Challenge kuanzia C1 hadi C4. Wenyewe huyaita programu, si ngazi, ili mchezaji wa Mainstream asionekane duni. Watu wameendelea kusema ngazi.

Utayari unaonekana vizuri kwenye mwito mmoja wa Mainstream, Scoot Back. Watu wamesimama bega kwa bega wameshikana mikono, huyu anatazama ndani, jirani yake anatazama nje. Anayetazama ndani husogea katikati, hushikana mkono na mwenzake wa upande wa pili, wakazungukana nusu, kisha akatoka hadi pale alipokuwa jirani yake. Jirani naye huwa ameshajipinda kuingia nafasi iliyoachwa. Wengi huuzoea mwito huu kwa mkono wa kulia, wanaume mahali pao na wanawake mahali pao. Siku mwitaji akiwapanga kwa mkono wa kushoto, mwanamke akawa pale anaposimama mwanamume kwa kawaida, nusu ya ukumbi huganda. Mwito haujabadilika hata kidogo. Walioganda walikuwa wamehifadhi njia ya miguu yao. Waliopita walikuwa wanajua mwito unasema nini. Huko ndiko kucheza kwa maana ya mwito, na kwa maoni yangu ndiko utayari kwenyewe. Katika Load the Boat, mwito wa Plus, walio nje huzunguka na kupishana na watu watatu, huku walio katikati wakifanya mambo manne ya kwao, tofauti na ya walio nje. Utapata kazi ipi? Inategemea umesimama wapi, si kama wewe ni mwanamume au mwanamke.

Mambo mawili humdanganya mtu. La kwanza ni malaika, ndivyo wanavyoitwa wachezaji wazoefu wanaokuja kusaidia wanafunzi. Mkono wa malaika ukikuvuta kidogo hapa, jicho lake likikuonyesha pale, unafika mahali pako ukidhani umejifikisha. La pili ni miito ya kuimbwa. Wimbo una sehemu 7 za midundo 64 kila moja, na mtindo mmoja hurudiwa kiasi kwamba ukifika mara ya tatu mwili unaenda wenyewe. Kujipima kwa wimbo ni kujipima kwa mtihani ambao majibu umeshayaona. Jipime kwenye miito isiyoimbwa, ile ambayo mwitaji anaitunga hapo hapo, na katika mraba usio na malaika hata mmoja, ikiwezekana kwa mwitaji ambaye sauti yake hujaizoea.

Angalia pia unavyokosea, maana kukosea kupo hata C4. Mchezaji aliye tayari akipotea hujua angalau anapotakiwa kuwa mwito ukiisha, akapakimbilia bila kumburuta mwenzake. Asiye tayari husimama katikati akiuliza, na akisimama yeye, wengine saba nao wamesimama. Ndiyo maana swali lile haliwi la mtu binafsi. Anayependa kubaki Mainstream miaka yote hamvurugii mtu jioni yake. Anayeruka kwenda Plus kwa sababu rafiki zake wameenda anaweza kuvuruga za watu saba kwa mpigo, na hao saba kwa kawaida ni wapole mno hawatamwambia. Mwulize mwitaji wako faraghani. Yeye yuko jukwaani, anaona kila jioni ni mraba upi unaovunjika na nani alikuwa ndani yake.