Doa la Sakafuni Si Petroli

Mwezi uliopita niliitwa Manzese, Dar es Salaam, kuchunguza chanzo cha moto kwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha. Chumba kimoja kilikuwa kimeteketea, vingine vimejaa masizi. Nilipofika, kijana aliyepanga chumba kile alikuwa ameshapelekwa kituoni. Mwenye nyumba alinivuta mkono mpaka ndani, akanionyesha sakafu.

"Mtaalamu, petroli hiyo hapo. Imejichora yenyewe."

Kweli palikuwa na doa jeusi lenye kingo za mawimbi, mithili ya maji yaliyomwagika. "Mzee wangu," nikamwambia, "naomba nianzie nje."

Kazi hii huanzia pale moto ulipogusa kidogo, kisha unasogea taratibu kuelekea palipoungua zaidi, ukipiga picha kabla ya kugusa chochote. Mbao za paa zimeliwa zaidi upande gani? Masizi yamepanda ukutani kuanzia wapi? Halafu unawauliza majirani: nani alivunja mlango, umeme ulikuwepo, friji lilikuwa wapi kabla halijaburutwa? Uswahilini maswali haya hayakwepeki, kwa sababu watu huwahi na ndoo na mchanga, hubomoa ukuta na kutoa magodoro kabla zimamoto hawajafika. Siwalaumu hata kidogo, wanaokoa roho za watu.

Turudi kwenye doa. Chumba kidogo chenye godoro la sponji na sofa kikishika moto, joto hujikusanya chini ya dari. Likifikia kama nyuzi 600 za Selsiasi, mionzi yake huwasha karibu kila kitu kwa pamoja, hadi mkeka wa plastiki sakafuni. Mkeka huo huyeyuka, huungua kwa mabaka, na huacha doa lilelile bila tone la petroli kumwagwa.

Jambo hili liligharimu watu uhuru wao kabla halijaeleweka. Mwaka 1990, huko Jacksonville, Florida, nyumba iliungua na watu sita wakafa. Baba mmoja akashtakiwa, na ushahidi mkubwa ulikuwa alama za sakafuni. Upande wa mashtaka ukawaita wachunguzi wa moto, John Lentini na John DeHaan, nao mwaka 1991 wakachoma nyumba ya jirani iliyofanana na ile, wakiwasha sofa tu. Chini ya dakika tano chumba kizima kilikuwa moto mtupu, na sakafu ikatoka na alama zilezile. Mashtaka yakafutwa. Kila ninapoonyeshwa doa, namkumbuka baba yule.

Wanaokimbilia kusema "shoti" nao nawabana vilevile. Kishanga cha shaba iliyoyeyuka kwenye waya kinaonyesha kwamba umeme ulikuwa ukipita, basi. Mara nyingi moto ndio huunguza plastiki ya waya kwanza, shoti ikafuata.

Petroli huthibitishwa maabara. Pale Manzese tulikata kipande cha mkeka ukingoni mwa doa, tukachokoa saruji kwenye ufa ambamo kimiminika hujificha, kisha tukachukua kipande kingine kwenye kona isiyoshukiwa. Hicho cha mwisho wengi hukisahau, ilhali plastiki iliyoungua hutoa kemikali zake, na bila cha kulinganishia mkemia anaweza kupotezwa. Kila kipande kiliingia kwenye kopo lake la bati lisilopitisha hewa, maana mifuko ya kawaida ya plastiki hupitisha mvuke. Kila aliyelipokea kopo alisaini. Sahihi moja ikikosekana, wakili ana pa kushikia.

Na ana haki ya kushikia, kwa sababu kifungu cha 319 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu kifungo cha maisha kwa aliyechoma nyumba kwa makusudi. Maabara ikisema "petroli ipo", hapo tumejibu swali moja tu. Nani aliileta? Kwa nini?

Kwenye chumba kile, fremu ya bodaboda ilikuwa imeegemea ukuta, hatua mbili kutoka kwenye doa. Kijana ni dereva, na majirani wanasema kila usiku huiingiza ndani kwa kuogopa vibaka. Picha za mwanzo hazikuionyesha kabisa, kwa kuwa kila mtu alielekeza kamera sakafuni. Nikamwomba mpelelezi apime umbali huo kwa futi, auandike, na kwenye sehemu ya chanzo aandike: hakijathibitika.

Aliandika. Makopo yapo maabara, tunasubiri.