Handaki la mafuta Mackinac: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukifungua bomba jikoni huko Grand Rapids, Michigan, mji waliohamia Wakongo wengi wazungumzao Kiswahili, maji unayokinga yametoka Ziwa Michigan. Kaskazini kabisa, ziwa hilo linakutana na Ziwa Huron kwenye mlango mwembamba wa maji uitwao Mackinac. Tangu mwaka 1953, mabomba mawili ya mafuta yamelala chini ya maji hapo. Kampuni ya Enbridge ya Kanada inataka kuchimba handaki chini ya sakafu ya ziwa na kupitisha humo bomba jipya. Watu wengi wanakataa, na mengi yanayosemwa juu yao si kweli.

Linalorudiwa sana ni hili: "Handaki litaondoa hatari." Lina ukweli ndani yake, maana bomba lililo ndani ya handaki haliwezi kugongwa na nanga. Aprili 2018 nanga ya meli ilikokotwa juu ya mabomba haya yakabonyea, ila hayakutoboka. Lakini handaki lenyewe lina urefu wa kilomita 6 au 7 tu. Njia nzima, inayoitwa Line 5, ina kilomita 1,038, kutoka Superior, Wisconsin, hadi Sarnia, Ontario, ikivuka mito na vinamasi. Kumbukumbu za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba tangu 1968 imevuja zaidi ya mara 25, na mafuta yaliyopotea yanapita galoni milioni moja. Handaki haligusi sehemu hiyo yote. Tena, muda wote wa ujenzi mabomba yale yale ya 1953 yangeendelea kupitisha mafuta chini ya maji.

"Wanaopinga ni wanaharakati wa mbali." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Makabila yote 12 ya wenyeji wa asili yanayotambuliwa na serikali kuu ndani ya Michigan yameipinga Line 5 kupita hapo. Mwaka 1836 wazee wa baadhi ya makabila hayo walitia saini mkataba wa kuiachia Marekani eneo kubwa la ardhi, lakini hawakuachia haki ya kuvua na kuwinda. Wajukuu wao wanavua hadi leo, na wengine samaki ndio riziki yao. Katika simulizi za jamii ya Bay Mills, moja ya makabila hayo, Mackinac ndipo dunia ilipoanzia, mgongoni mwa kobe. Mei 2021 baraza lao lilipitisha azimio la kulifukuza bomba hilo katika maji yao. Kufukuza ni adhabu ya kale katika sheria zao, na hutolewa kwa aliyeitendea jamii ubaya mkubwa. Watu wanaofikia kuliadhibu bomba kama wanavyomwadhibu mtu hawawezi kuitwa wapita njia.

"Line 5 ikifungwa, Michigan itaganda kwa baridi." Hofu hii si ya kubeza. Kaskazini mwa jimbo nyumba nyingi zinapashwa joto kwa gesi ya propani, na sehemu ya gesi hiyo inatokana na bomba hili. Ila sehemu kubwa ya mafuta yenyewe, kati ya mapipa yanayofikia 540,000 kwa siku, hukatiza tu Marekani na kurudi Kanada. Propani inaweza kuletwa kwa reli na malori, mradi matayarisho yafanyike mapema badala ya kungoja majira ya baridi.

Upande wa wapinzani nao kuna kosa. Wapo wanaosema mafuta yameshamwagika Mackinac. Hapana, hayajamwagika. Wanachanganya na Mto Kalamazoo, ambako Julai 2010 bomba lingine la Enbridge, Line 6B, lilipasuka. Kengele za tahadhari zililia, na bado zilipita zaidi ya saa 17 kabla ya bomba kufungwa. Mafuta yale yalikuwa mazito, mengine yakazama mtoni, na kuyaondoa kulichukua miaka. Line 5 hubeba mafuta mepesi, kwa hiyo mfano huo haufanani kwa kila kitu. Ninachokishika mimi ni zile saa 17.

Kuna pia dhana kwamba mafuta yakimwagika Mackinac yatazuiwa papo hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichunguza mikondo ya pale wakakuta inageuka kila baada ya siku chache, mara kuelekea Huron, mara kuelekea Michigan. Ikikaza, maji yanayopita yanaweza kuwa zaidi ya mara 10 ya yale ya maporomoko ya Niagara. Walikadiria kwamba zaidi ya kilomita 1,000 za ufuko wa maziwa hayo mawili zingeweza kufikiwa. Na wakati wa baridi mlango huo hufunikwa na barafu, hivyo mafuta yakimwagika yatakuwa chini yake na wasafishaji juu.