Faida ya uongo hulala wapi?

Wiki iliyopita mpwa wangu aliye Jinja alinitumia faili kwenye WhatsApp, saa tano usiku, pamoja na ujumbe: "Assalaam aleikum mjomba. Kampuni hii ya mabati inauza hisa kwa watu wachache tu. Faida imepanda mara mbili. Nitie pesa?"

Kurasa 48. Za mwanzo ni picha za wakurugenzi wamevaa kofia za kiwandani, zinang'aa, hazijaona vumbi. Nilizipita. Mimi husoma hesabu za kampuni kama msomaji wa msahafu, kuanzia upande ambao wengine huuita mwisho: taarifa ya mtiririko wa fedha kwanza, kisha yale maelezo ya herufi ndogo, na faida baadaye kabisa.

Sababu ni debiti na krediti: kila jambo huandikwa mara mbili, pande mbili zinazolingana. Ukiandika mauzo ya shilingi milioni 100 ambayo hayakuwapo, upande wa pili unakudai kitu cha milioni 100: pesa benki, deni la mteja, bidhaa ghalani, au mashine. Faida hufungwa mwisho wa mwaka na kuanza tena kwenye sifuri. Kile kitu cha upande wa pili hakifungwi. Kinabaki kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni, mwaka hadi mwaka, kikingoja mtu aulize kiko wapi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwenye vitabu vya hesabu inaweza kuwa ndefu, ila kila usiku mwongo lazima apate pa kulala.

Kitanda anachokipenda zaidi ni wadaiwa, yaani wateja ambao hawajalipa, maana hakihitaji chochote ila ankara. Kampuni ya mpwa wangu iliuza bilioni 20 mwaka juzi na bilioni 26 mwaka jana. Vizuri. Lakini wateja waliokuwa wakidaiwa bilioni 3 sasa wanadaiwa 9. Mauzo yameongezeka bilioni 6, madeni yameongezeka bilioni 6. Gawanya wadaiwa kwa mauzo, zidisha kwa siku 365: zamani mteja alilipa kwa siku 55, sasa ni 126. Na wakati faida ilikuwa bilioni 2.6, shughuli za kampuni zilikula fedha taslimu bilioni 1.4. Hilo peke yake si wizi. Anayeuzia serikali hapa kwetu anajua kusubiri malipo mpaka mvi zitoke. Lakini mabati? Mtu wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, hakupi mabati kwa mkopo wa miezi minne hata mkiwa mmeoa nyumba moja.

Kitanda cha pili ni ghala, na hapa nina kisa. Mwaka wangu wa pili katika ukaguzi nilitumwa kuhesabu kahawa kwenye ghala moja nje ya Kampala. Magunia ya kilo 60 yalikaribia paa. Meneja alinipa chai, akahesabu kwa sauti safu za mbele: kumi kwa upana, kumi na mbili kwenda juu, ishirini kwenda ndani. Zidisha, magunia 2,400, tia sahihi. Mpakiaji mmoja mzee, aliyekuwa akijifanya anafagia, akaniuliza polepole, "Kijana, unajua kupanda?" Nikapanda. Katikati palikuwa patupu, pengo la kutosha kitanda na kabati. Nilishuka na vumbi la kahawa masikioni na hesabu nyingine kabisa. Baadaye nilisoma kwamba Marekani mwaka 1963 mfanyabiashara mmoja alikopa pesa kwa dhamana ya matangi ya mafuta ya soya ambayo kumbe yalijaa maji, mafuta yakielea juu tu. Nikamkumbuka meneja wangu.

Wewe msomaji huwezi kupanda magunia, lakini unaweza kutazama namba mbili pamoja. Bidhaa zinazobaki mwisho wa mwaka hupunguzwa kwenye gharama ya mauzo. Ukizikuza, gharama inashuka na faida inavimba papo hapo. Basi ukiona bidhaa ghalani zinaongezeka kuliko mauzo, na wakati huohuo faida ghafi (mauzo kutoa gharama ya mauzo) inanona, shuku. Ghala lililojaa bidhaa zisizouzika kwa kawaida hulazimisha kushusha bei, na faida ghafi hukonda.

Mali ya kudumu ni kitanda cha watu wakubwa. WorldCom ya Marekani, mwaka 2002, ilikutwa imeandika gharama za kawaida za kukodi laini za simu kama vile imenunua mali. Tangazo la kwanza lilitaja dola bilioni 3.8. Mbinu hiyo hapa kwetu huvaa kanzu ndogo: matengenezo ya malori yanaandikwa kuwa malori, au lori ambalo gharama yake ilipangwa kugawanywa kwa miaka mitano ya uchakavu linapewa kumi na mbili, ili gharama ya kila mwaka ipungue.

Na benki? Watu hudhani pesa za benki haziwezi kudanganywa. Parmalat ya Italia ilidai kuwa na karibu euro bilioni 4 kwenye akaunti Marekani. Desemba 2003 benki yenyewe ikasema barua ya uthibitisho ni ya kughushi. Wirecard ya Ujerumani, Juni 2020, euro bilioni 1.9 zilizosemekana ziko Ufilipino hazikuonekana. Kipimo changu ni cha mama wa nyumbani: mwenye debe la unga hakopi unga. Kampuni yenye mabilioni benki inayoendelea kukopa kwa riba kubwa, huku riba inayopokea ikiwa kiduchu, ina la kueleza.

Uganda tuna msaada mmoja ambao wengi hawautumii: kodi. Kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida, na mauzo mengi ya ndani hubeba VAT ya asilimia 18, siku hizi kwa ankara za kielektroniki za mfumo wa EFRIS zinazofika URA, mamlaka ya mapato, moja kwa moja. Mauzo hewa kwa hiyo yana gharama. Ndiyo maana mwongo hupenda kusema ameuza nje ya nchi, ambako VAT ni sifuri, au huwa na vitabu viwili: kinene cha benki, chembamba cha URA. Tazama kodi iliyolipwa kwa fedha taslimu kwenye taarifa ya mtiririko. Misamaha halali ipo, lakini inapaswa kuelezwa. Nikikutana na faida inayopanda na kodi inayoshuka bila maelezo, huacha kusoma na kuanza kupiga simu.

Hati safi ya mkaguzi, ile inayosema hesabu ziko sawa, naithamini, nimeziandika mwenyewe, lakini Wirecard nayo ilipewa hati safi kwa miaka.

Nirudi Jinja. Kwenye maelezo namba 17, chini ya wahusika wenye uhusiano na kampuni, ilikuwapo sentensi moja: katika zile bilioni 9, bilioni 5 ni deni la kampuni nyingine, ya mkurugenzi mwenyewe. Nilimwambia mpwa asibishane nao, aombe tu orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni. Walimjibu kwamba hiyo ni siri ya kampuni, na kwamba dirisha la hisa linafungwa Ijumaa.