Mashine ya boti msimu wa kusi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kusi ikishika nguvu, Juni hadi Agosti, boti nyingi za Mombasa hupandishwa juu. Watalii wamepungua, nje ya mwamba bahari imechafuka, na mwenye boti anayetafuta fedha za karo hukubali bei ambayo Disemba asingeisikiliza. Ni msimu mzuri wa kununua boti iliyotumika. Ndio pia msimu ambao mnunuzi hupotezwa kwa urahisi, kwa sababu mashine ina wiki nyingi haijagusa maji na anachopewa ni maneno tu. Nazungumzia hizi mashine zinazofungwa nyuma ya boti, za hospawa 15, 40 au 75, maana ndizo zinazoendesha boti nyingi ndogo za hapa.

«Imewaka kwa mvuto mmoja, basi ni nzima»

Hii ndiyo imani iliyowagharimu watu wengi zaidi. Mashine iliyowashwa asubuhi kabla hujafika itawaka kwa mvuto mmoja wa kamba hata kama ringi za pistoni zimelika. Kwa hiyo jambo la kwanza ukifika ni kuweka kiganja juu ya silinda. Ikiwa na joto, mwambie muuzaji kwa adabu kwamba utarudi ikishapoa, kisha urudi kweli. Mashine ikiwa baridi ndipo utajua kama kabureta imeziba kwa petroli iliyokaa, na kama yavutwa mara mbili au mara kumi.

Hata hivyo, kuwaka hakukuelezi hali ya ndani. Kinachoeleza ni kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, na fundi yeyote wa mashine za boti anayejiheshimu anacho. Toa plagi zote, si moja. Nyaya zake zigusishwe kwenye chuma cha mashine, mkono wa mafuta, ule wa kuongeza mwendo, ufunguliwe mpaka mwisho, kisha vuta kamba mpaka mshale uache kupanda. Fanya hivyo kwa kila silinda na uandike. Namba yenyewe hutofautiana kati ya aina na aina; kikubwa ni silinda zilingane. Moja ikisoma 120 na ya pili 115, hapo sawa. Ya pili ikisoma 90, kuna ringi, pistoni au gaskiti iliyokwisha. Tofauti ikipita asilimia 10 anza kuuliza maswali makali.

Plagi zenyewe usizitupe pembeni, zipange kwa mfuatano wake. Rangi ya hudhurungi ni dalili njema. Moja ikiwa safi inang'aa na wenzake wana masizi, huenda maji yanaingia kwenye silinda hiyo na kuiosha.

«Maji yanaruka nyuma, kwa hiyo inapoa vizuri»

Mchirizi ule unathibitisha kwamba impela, lile gurudumu la pampu ya maji, inasukuma maji, basi. Njia nyembamba za ndani zinaweza kuwa zimejaa chumvi, hasa kama mashine haikuwa ikisafishwa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, baada ya kazi, na mchirizi bado ukaruka. Iache ifanye kazi mpaka ipate moto, kisha dondoshea tone la maji kwenye kichwa cha silinda. Likichemka na kutoa sauti papo hapo, joto limepita kiasi.

Muuzaji asikuwashie mashine ikiwa kavu «kidogo tu usikie sauti». Impela ni ya mpira na maji ndiyo yanayoilainisha. Sekunde chache bila maji zinatosha kuiharibu. Iwashwe ndani ya pipa la maji, au kwa vikombe vya mpira vinavyobanwa kwenye matundu ya kunyonyea maji na kuunganishwa na bomba la maji.

Hapo hapo uliza kama thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la mashine, ingalimo. Wapo wanaoamini nchi ya joto haihitaji kitu hicho, wakaitoa. Bila thamostati mashine hukimbia ikiwa baridi kuliko ilivyoundwa, hula petroli zaidi na kuchafua plagi.

«Wakati wa kusi huwezi kuijaribu majini»

Nje ya mwamba, kweli, usiende. Lakini Mungu ametupa Tudor, ametupa Mtwapa na Port Reitz. Ndani ya mikono hiyo ya bahari maji hutulia hata siku ambayo Nyali hakuingiliki. Chagua saa ya maji kujaa, usikwame kwenye tope la mikoko, na jihadhari na njia za meli na feri. Mnunuzi anayekubali kwamba majaribio hayawezekani mpaka kaskazi amekubali kununua sauti.

Ndani ya pipa mashine haina mzigo. Mzigo ndio unaofichua gia zinazoteleza na pampu ya petroli iliyochoka. Pakia watu wenye uzito kama wa kazi unayokusudia, kila mmoja na jaketi lake la kuokolea, kisha fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho na uiache hivyo dakika kumi au zaidi. Mwanzo kila mashine hukimbia. Ile mbovu hulegea baada ya kupata moto. Kama unaweza kupata kifaa cha kuhesabu mizunguko, kile cha kuzungushia waya wa plagi, linganisha hesabu yake na kitabu cha mashine hiyo. Isipofika kiwango cha chini kilichoandikwa, ama nguvu imepungua ama propela siyo yake.

Mkirudi, mwombe fundi afungue oili ya gia iliyo kwenye mguu wa mashine. Rangi ya maziwa maana yake maji yameingia. Mara nyingi chanzo ni mshipi wa kuvulia uliojisokota nyuma ya propela ukakata sili, ule mpira unaozuia maji kuingia, jambo la kawaida kwa boti za uvuvi. Ukiona vipande vya chuma kwenye kizibo, gia zinasagana.

«Ona rangi, kama mpya»

Rangi hufunika kutu. Tazama boliti ambazo brashi haikufika, na vipande vya zinki vinavyoliwa na chumvi badala ya mashine. Zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi tena.

«Imetoka Ulaya, imetumika kwenye maji baridi, haijachoka»

Huko baridi ina madhara yake. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Mashine ya kufunga nyuma ikihifadhiwa wima humwaga maji yake yenyewe, lakini yaliyopenya kwenye oili ya gia hubaki, yakaganda na kupasua kasha la mguu. Nyufa hizo huzibwa kwa gundi na kupakwa rangi kabla ya kusafirishwa. Pitisha ukucha pale.

«Ina cheti cha Mamlaka ya Bahari»

Ukaguzi wa Kenya Maritime Authority huangalia usalama wa chombo, haupimi pistoni. Cheti kihitaji, ila usikifanye badala ya fundi. Na namba iliyo kwenye kibao cha mashine ilingane na karatasi za muuzaji. Iliyokwanguliwa achana nayo, maana mashine za boti huibwa.

«Ikiwa na kasoro yoyote, usinunue»

Hapa napingana na waoga. Impela, plagi, kabureta chafu na sili vinatengenezeka, na kila kimoja ni sababu halali ya kupunguza bei. Silinda iliyochanika, gia zilizosagika au kasha lililopasuka ni habari nyingine: hapo gharama ya kutengeneza inaweza kuikaribia bei ya mashine yenyewe, na boti nyingine zipo juu ya mchanga zikingoja mnunuzi mpaka Septemba.