Harufu ya maji machafu ndani ya nyumba: maswali mnayoniuliza kila siku, na lile kosa la Jik

Mimi ni nesi, nakaa upande wa dharura hapa Dar, na masika ikianza tu najua watakuja. Siongelei wa malaria, hao wapo mwaka mzima. Nawasema wale wanaoingia macho mekundu, kanga puani, wanakohoa mpaka wanatapika, ukimuuliza mama ulikuwa unafanya nini anakwambia "nasafisha choo tu sista, kilikuwa kinanuka". Ukimbana kidogo ndo anasema alimwaga Jik, ikaonekana haifanyi kitu, akaongezea na dawa ya choo juu yake, akafunga mlango ili iive. Eti iive. Kama maharage.

Maswali ni yale yale kila mwaka kwa hiyo nayajibu hapa kwa pamoja, msinichoke.

Sista, hii harufu inatoka wapi hasa?

Kule chini kwenye mabomba na kwenye shimo uchafu unaoza, na unapooza unatoa gesi. Ile inayonuka kama yai viza inaitwa haidrojeni salfaidi. Kuna na methani, hiyo haina harufu ila inawaka moto, ndo maana mtu akifungua mfuniko wa shimo huku ana sigara mdomoni tunamuombea. Sasa gesi zisirudi ndani, chini ya sinki na kwenye choo kuna bomba limekunjwa kama shingo ya bata, mafundi wanaliita trapu, pale pindoni huwa panakaa maji kidogo na hayo maji ndo kizibo chenu. Ukisikia harufu ujue ama kizibo kimekauka, ama kuna uchafu umeng'ang'ania, ama kuna mahali pamepasuka, ama shimo limejaa. Ni hayo tu kwa nyumba nyingi.

Mbona kinachonuka ni choo cha wageni na hakuna anayekitumia?

Ndo sababu yenyewe. Hakitumiki, maji ya kwenye trapu yamekauka, harufu inapita wazi. Mwaga ndoo ya maji, na yale matundu ya sakafuni bafuni nayo uyamwagie, kila wiki. Bure kabisa. Nina jirani alinunua dawa za kunukia mwezi mzima kwa tatizo la ndoo moja ya maji.

Kuivuta tu hiyo harufu kunaleta ugonjwa?

Harufu ya kawaida ya nyumbani itakuumiza kichwa, itakutia kichefuchefu, macho yatawasha, na mwenye pumu itamsumbua zaidi, huyo msimwambie anadeka. Lakini taifodi na kipindupindu hupati kwa kunusa, unapata uchafu ukiingia kwenye maji na chakula. Kwa hiyo wale mnaosubiri mvua kubwa inyeshe usiku ili mtapishe choo kiende na maji mtaani, mkijua kabisa chini kuna watu wana visima, nyie nina maneno yenu lakini leo nayaweka.

Kitu kimoja tu kuhusu hii gesi ya yai viza: ikiwa nyingi inaua pua kwanza. Unaacha kuisikia, unadhani imeisha, kumbe ndo imezidi. Shikilia hilo, nitalirudia kwenye shimo.

Nikichanganya Jik na dawa ya choo si ndo inaua harufu haraka zaidi?

Hapana.

Dawa nyingi za choo, hizi za kutoa madoa, zina asidi. Jik ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini. Hii sio lugha ya kutishana, ni gesi ile ile Wajerumani waliyowafungulia adui zao kwenye Vita Kuu ya Kwanza kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na wewe unaitengeneza kwenye choo cha mita moja kwa moja na nusu, dirisha saizi ya daftari, mlango umefunga, mtoto anacheza koridoni. Klorini ni nzito kama mara mbili na nusu kuliko hewa, kwa hiyo inakaa chini, na nani yuko chini? Wewe uliyeinama unasugua, na mtoto anayetambaa. Ikiingia kwenye macho, pua na kifua ikakuta majimaji inageuka asidi humo humo ndani yako. Kile kikohozi ni kifua kinaungua.

Na sio dawa ya choo tu. Jik na siki, hapana. Jik na limao, hapana. Jik na yale maji ya betri ambayo kuna mafundi wanawauzia kwenye chupa ya soda eti yanazibua, hapana mara mbili, na maji ya betri hata yakiwa peke yake hayatakiwi kuingia nyumbani kwako. Jik kwenye choo kilichojaa mkojo uliokaa pia hapana, mkojo ukikaa unatoa amonia na ikikutana na Jik inatoka gesi nyingine mbaya hivyo hivyo, vuta maji kwanza ndo uweke.

Lakini mimi nachanganya miaka yote na sijawahi kudhurika.

Hili swali linaletwa na watu wazima, shikamoo zenu, lakini jibu ni hapana vile vile. Ulikuwa na bahati ya dirisha, au Jik yako ilikuwa imechakachuliwa maji matupu. Siku ukinunua kali, au ukisafishia choo kisicho na upepo, hiyo miaka yako yote haitakusaidia. Na mara nyingi sio wewe unayeumia, ni dada wa kazi uliyemfundisha, maana wewe ulimwelekeza afu ukaenda sebuleni. Nimeshapokea mabinti wa namna hiyo, na mama mwenye nyumba anakuja nyuma yake ananiambia "huyu hana kifua kizuri toka kwao". Kifua chake kilikuwa kizima asubuhi.

Na nikimwaga dawa ya choo kwanza, Jik baadaye?

Ni kuchanganya huko huko. Ile ya kwanza imekaa kwenye trapu inamsubiri mwenzie. Tumia moja tu. Ukitumia Jik, iweke kwenye maji ya baridi, sio ya moto, fungua mlango na dirisha, ukimaliza mwaga maji mengi. Na ukae ukijua Jik inaua vijidudu vya juu juu, haiondoi tonge la mafuta na nywele lililokwama ndani ya bomba, kwa hiyo kesho harufu itarudi na utashawishika kuongeza kitu. Usiongeze kitu.

Nilichanganya, nikakohoa sana, nikanywa maziwa, sa hivi nina nafuu. Nisubiri nione?

Usisubiri.

Jamani maziwa. Sijui nani aliwafundisha. Gesi imeingia kwenye mapafu, maziwa yanaenda tumboni, hayo mawili yanakutania wapi? Unachotakiwa kufanya ni kutoka humo ndani mara moja, uwatoe na wengine, uache mlango wazi, na usirudi kuokoa ndoo wala kumwaga ile dawa. Nguo zikilowa zivue. Macho yakiwasha yaoshe kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 mpaka 20, sio kunyunyiza mara mbili ukafuta na kanga. Afu uje hospitali.

Naona mnataka kujua kwa nini uje wakati una nafuu. Kwa sababu kifua kilichovuta klorini kinaweza kukudanganya. Unakohoa, unatulia, unapika, unalala, na baada ya saa kadhaa, inaweza kuwa usiku au hata kesho yake, mapafu yanaanza kujaa maji. Mtu analala vizuri anaamka hawezi kumaliza sentensi. Huyo akija mapema tunampa oksijeni, dawa ya kupanua njia za hewa, tunamuangalia. Akija midomo imeshabadilika rangi, tunaanza kukimbizana. Ukiwa na pumu, ukiwa mjamzito, ukiwa mzee, au aliyevuta ni mtoto, usijipime mwenyewe kabisa. Ukiona unakohoa bila kukoma, kifua kinabana, unatoa sauti ya filimbi ukipumua, hata iwe ni saa nane ya usiku, toka.

Na ukifika sema ukweli. Wengi wanasema "nilivuta vumbi" kwa aibu. Sema ulichanganya nini na nini, na uje na picha ya chupa kwenye simu, hatutakugombeza. Sawa, mimi nitakugombeza kidogo, ila baada ya oksijeni.

Mtoto kanywa ile dawa ya kuzibulia bomba. Nimtapishe?

Usimtapishe. Usimtapishe. Dawa hizo nyingi ni kostiki sodi, na hiyo imeunguza koo ikishuka, ukimtapisha inaunguza tena ikipanda. Usimpe mafuta ya kula, usimpe yai bichi, usimpe mkaa, na maziwa tena naomba yaacheni. Toa iliyobaki mdomoni, msuuze ateme, muoshe ngozi ilipomwagikia, bodaboda au bajaji ya kwanza mpande, na chupa mje nayo. Kostiki inaweza kuliacha koo na makovu linakuwa jembamba, chakula hakipiti, na mtoto anakula kwa mpira miezi na miezi. Mara nyingi nikiuliza ilikuwa kwenye nini, jibu ni chupa ya maji ya kunywa, chini ya sinki. Mtoto wa miaka miwili atajuaje? Akiona chupa ya maji anaona maji. Kama unatengeneza sabuni nyumbani na unaihitaji kostiki, iache kwenye kopo lake, juu kabisa, kwa kufuli.

Sasa harufu tuitoeje?

Anza na mikono, dawa baadaye. Jikoni fungua trapu ya chini ya sinki, nyingi zinafunguka kwa kuzungusha tu, weka ndoo chini, vaa glavu, utakutana na mambo humo. Bafuni toa kile kichujio cha sakafuni uvute nywele zote. Afu mwaga maji ya moto yanayovumilika na mkono, na sabuni, yasiwe ya kuchemka maana yanalegeza mabomba ya plastiki na yanapasua bakuli la choo. Mafuta ya kukaangia chipsi na samaki msiyamwage kwenye sinki, yakifika chini yanaganda kama mshumaa, yaacheni yapoe kwenye kopo mtupe na taka.

Kama matundu yote yananuka kwa pamoja, maji yanashuka taratibu na bomba linagugumia, hapo shida sio sinki, ni chemba au shimo limejaa. Ita gari la kunyonya maji taka. Mkiwa wapangaji mwambieni mwenye nyumba, akiwazungusha nendeni kwa bwana afya wa kata, hiyo ni kazi yake. Angalieni na lile bomba refu la hewa linalopanda juu ya paa, wakati mwingine ndege wamejenga humo. Likizibuliwa livisheni wavu juu kwa ajili ya mbu, maana wale wanaozaliana kwenye mashimo ya maji machafu ndo wanaoeneza matende huku pwani. Kule Makunduchi, Unguja, miaka ya 1980 mwishoni waliwahi kumwaga chenga za lile povu jeupe jepesi linalokuja ndani ya maboksi ya TV juu ya maji ya mashimo ya vyoo, zikaelea zikafunika, na mbu wakapungua kweli kweli. Watu hawakuhitaji kuchanganya chochote.

Fundi anasema atashuka shimoni mara moja tu aangalie.

Asishuke. Wala asishuke kufuata simu iliyodumbukia, simu inanunuliwa. Ile gesi niliyowaambia inaua pua, humo chini ndo nyumbani kwake, na uchafu ukikorogwa inatoka nyingi kwa mkupuo, mtu anaweza kuanguka kwa pumzi chache tu. Afu anashuka mdogo wake kumuokoa, afu jirani, tunapokea watatu. Kitambaa usoni hakizuii gesi. Akianguka mtu humo piga zimamoto 114, zuia watu, na wewe mwenyewe ukae juu hata kama ni ndugu yako analia, najua ninachokuomba ni kigumu.

Sista, ni saa nne usiku, mke wangu alichanganya jioni, anakohoa ila anaongea vizuri, anasema tusubiri asubuhi tusisumbue watu.

Mwambie ahesabu kwa sauti mpaka 20 kwa pumzi moja. Akifika, mje. Akishindwa, mje haraka zaidi.