Dhana potofu kuhusu ugawaji wa anwani za IP maofisini, na ukweli wake

Katika ofisi nyingi za Arusha ambako nimewahi kuvuta kebo au kufunga swichi za mtandao, DHCP, ile huduma inayozipa kompyuta na simu anwani za IP (namba za kuvitambua vifaa mtandaoni) bila mtu kuziandika, hukumbukwa siku inapogoma. Siku nyingine zote huchukuliwa kama maji ya bomba. Kwa sababu hiyo dhana zinazoizunguka huishi muda mrefu bila kupingwa, na nyingi huzaliwa na kosa moja, nalo ni kudhani kwamba seva, yaani kifaa kinachogawa anwani hizo, ndiyo yenye kauli ya mwisho. Seva hutoa ofa tu. Kompyuta ndiyo inayochagua, na kwa kawaida huchagua ofa iliyowahi kufika, bila kuuliza imetoka kwa nani.

Dhana: "Tuna seva yetu, kwa hiyo hakuna mwingine anayeweza kugawa anwani."

Kompyuta inapowashwa haina anwani wala haijui seva iko wapi, hivyo hupaza sauti kwa vifaa vyote vilivyo kwenye kipande chake cha mtandao. Kila seva iliyosikia hujibu kwa ofa, kompyuta hutangaza ofa iliyoikubali, kisha seva iliyokubaliwa huthibitisha. Hatua hizo nne, zinazopita kwenye poti za UDP namba 67 na 68 (hizi ni namba za mawasiliano, si matundu ya swichi), zimeelezwa katika waraka wa kanuni za intaneti uitwao RFC 2131 wa mwaka 1997, na hakuna hata moja inayodai kitambulisho. Njia ya wahusika kuthibitishana iliandikwa mwaka 2001 katika RFC 3118, lakini maofisini karibu hakuna anayeitumia.

Niliwahi kuitwa katika ofisi moja ya Njiro siku za mwisho wa mwezi, mhasibu akiwa hawezi kufungua mfumo wa mishahara ilhali jirani yake wa meza ya pili anaufungua bila shida. "Fundi, jana nimeutumia mpaka jioni," aliniambia, na alikuwa anasema kweli. Niliandika amri ya ipconfig /all kwenye kompyuta yake, nikakuta anwani 192.168.0.104 wakati ofisi nzima ilipangiwa zinazoanza na 10.20.4. Mstari wa chini yake, ule unaotaja seva ya DHCP, ulionyesha 192.168.0.1, kifaa ambacho hakikuwa kwenye orodha yetu. Amri ya arp -a ilinipa anwani ya maunzi (MAC, namba ya kadi ya mtandao) ya kifaa hicho, jedwali la swichi likaniambia kimechomekwa poti, yaani tundu, ya 17, na kebo ya poti ya 17 ikanifikisha mapokezi. Nyuma ya katoni za karatasi palikuwa na ruta ndogo ya dukani, iliyonunuliwa kwa nia njema ili wageni wapate Wi-Fi, na kebo ya ofisi ikiwa imechomekwa kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) badala ya lile la WAN (la kupokea intaneti). Kuanzia hapo kila aliyewasha kompyuta alikuwa anacheza bahati nasibu: akijibiwa kwanza na seva, anafanya kazi, akijibiwa kwanza na ruta ya mapokezi, anatafuta fundi.

Dawa yake iko ndani ya swichi zinazosimamiwa, nayo ni kinga ambayo mafundi huiita snupingi. Swichi huambiwa ni poti zipi zinazoaminika, na ofa yoyote inayoingilia poti nyingine hutupwa hapohapo. Kinga hiyo ina mitego miwili ambayo imewafanya mafundi wengi waizime na kuapa kutoigusa tena. Mtego wa kwanza ni kuiwasha bila kuitaja poti inayoelekea kwenye seva kuwa ya kuaminika, na matokeo yake ni ghorofa nzima kukosa anwani. Mtego wa pili umejificha zaidi: baadhi ya swichi, zikishawashiwa snupingi, huongeza kwenye ombi la kompyuta taarifa inayoitwa chaguo namba 82, inayoeleza ombi limetoka poti ipi, na kifaa kinachopokea ombi hilo mbele kinaweza kulikataa kwa kuwa hakikutarajia nyongeza hiyo. Hapo fundi huona maombi yakiondoka na majibu yasirudi, akailaumu seva isiyo na kosa. Ama uizime nyongeza hiyo, ama ukiambie kifaa cha mbele kiikubali.

Snupingi peke yake pia haimzuii mtu anayeomba anwani mia mbili kwa kujifanya kompyuta mia mbili tofauti hadi fungu la anwani ambalo seva imepewa kugawa likauke. Huyo huzuiwa kwa kuiwekea kila poti kikomo cha idadi ya anwani za maunzi na kasi ya maombi.

Dhana: "Seva imeidhinishwa kwenye Active Directory, basi tumelindwa."

Active Directory ni mfumo wa Windows wa kusimamia watumiaji na kompyuta za ofisi, na idhini yake huzibana seva za Windows zinazoiheshimu. Ruta ya mapokezi haijawahi kusikia habari zake.

Dhana: "Mwenye VPN hawezi kudhurika na DHCP ya uongo."

VPN ni njia ya siri inayoficha taarifa zako zinapopita kwenye mtandao wa wengine. Mwaka 2024 watafiti wa usalama walionyesha shambulio walilolipa jina la TunnelVision, ambalo hutumia chaguo namba 121 la DHCP, yaani lile linaloipa kompyuta njia za kupitisha taarifa. Seva ya uongo ikitoa njia mahususi zaidi kuliko zile za VPN, taarifa hupita nje ya VPN huku mtumiaji akiona bado ameunganishwa. Simu za Android ziliepuka kwa sababu hazitumii chaguo hilo. Kompyuta nyingi za kawaida hulitumia, na ndiyo maana meneja anayefanya kazi kwenye Wi-Fi ya hoteli asitegemee alama ya kufuli ya VPN peke yake.

Dhana: "Anwani zikiisha, mtandao umezidiwa, tununue intaneti kubwa."

Arusha ni mji wa mikutano, na kosa hili nimeliona kumbini kuliko mahali pengine popote. Anwani hukodishwa kama chumba, na muda wa kukodisha ndio unaoamua kama umejenga nyumba ya kupanga au gesti. Mpangaji wa mtaa wa Sakina analipa kodi ya miezi 6 na hakuna anayeshangaa chumba kikibaki chake hata akisafiri. Gesti ya stendi haiwezi kuendeshwa hivyo. Seva ya DHCP ya Windows isipoguswa hukodisha kwa siku 8, muda unaoifaa ofisi yenye watumishi walewale, lakini ukumbini mgeni wa Jumatatu ataondoka na ufunguo wa chumba mpaka Jumanne ya wiki inayofuata.

Tufanye hesabu. Mtandao wa /24 (namba hii huonyesha ukubwa wa mtandao, na ikipungua mtandao huwa mkubwa zaidi) una anwani 254 zinazotumika. Toa 20 za ruta, swichi na printa, zinabaki 234. Wajumbe 300, kila mmoja na simu na kompyuta mpakato, ni vifaa 600. Kabla ya chai ya saa 4 fungu limekwisha, na waliochelewa wanaona alama ya Wi-Fi bila intaneti, kisha lawama zinakwenda kwa mtoa huduma. Mtandao wa /22 una anwani 1,022, na ukiweka muda wa saa 2 au 3, kikao cha mchana hakibebi mzigo wa kikao cha asubuhi. Kuna jambo jingine ambalo waliopanga mitandao zamani hawakulihesabu: tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hubuni anwani ya maunzi tofauti kwa kila jina la Wi-Fi, hivyo mtandao wa wageni na wa watumishi ukitumia fungu moja, simu moja inayohama kati ya majina hayo hukalia nafasi mbili.

Dhana: "Kuandika anwani kwa mkono ni salama zaidi."

Anayetaka kuingia kwenye mtandao wako naye ana mikono ya kuandika. Kinachopatikana kwa njia hiyo ni migongano, hasa fundi anapoipa printa anwani iliyo katikati ya fungu bila kuitenga, na wiki mbili baadaye seva ikamkabidhi mtumishi mpya anwani ileile. Printa na kamera ziwekewe hifadhi ndani ya seva, ili zipate anwani isiyobadilika kwa njia ya DHCP yenyewe na zionekane kwenye orodha moja. Mikono ibaki kwa ruta, swichi na seva.

Dhana: "Kama watu wanafanya kazi, seva ya DHCP ni nzima."

Hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Muda wa kukodisha ukifika nusu, kompyuta hujaribu kuuongeza kwa seva ileile iliyoikodisha. Ikikosa jibu, hujaribu tena kwa seva yoyote ukifika asilimia 87.5. Kwa muda wa siku 8, hizo ni siku ya 4 na siku ya 7. Seva inaweza kufa Jumatatu, ofisi ikaendelea na kazi wiki nzima, na malalamiko ya kwanza yakatoka kwa mgeni aliyekuja na kompyuta mpya. Wengine hukimbilia kuweka seva ya pili yenye fungu lilelile, nao hujikuta na wenye nyumba wawili wanaopangisha chumba kimoja. Ama mgawane fungu, kila seva na sehemu yake, ama mtumie seva zinazopeana taarifa, uwezo ambao Windows Server inao tangu toleo la 2012.

Dhana: "Kila tawi na kila VLAN lazima iwe na seva yake."

VLAN ni kipande cha mtandao kilichotengwa ndani ya swichi zilezile. Kilio cha kompyuta inayoomba anwani hakivuki ruta, hilo ni kweli, lakini ruta inaweza kuagizwa kukipokea na kukipeleka kwa seva iliyo mbali, ikitaja kilio kimetoka mtandao upi ili seva ichague fungu sahihi. VLAN mpya isiyopata anwani wakati za zamani zinapata, mara nyingi imesahauliwa agizo hilo kwenye ruta, au fungu lake halijaundwa.

Hata hivyo, uwezekano wa kufanya jambo si sababu ya kulifanya. Ofisi yenye makao Arusha na tawi Moshi, kilomita 80 hivi barabarani, inaweza kuihudumia Moshi kwa seva ya Arusha, lakini kiungo kikikatika asubuhi, kompyuta za Moshi zisizo na anwani zitashindwa hata kuifikia printa iliyo chumba kimoja nazo. Mimi huiachia ruta ya Moshi igawe yenyewe.

Umeme ukirudi baada ya kukatika, kompyuta huwahi kuamka kabla ya swichi na seva, na ile ya Windows ikikosa jibu hujipa anwani inayoanza na 169.254, kisha hujaribu tena kila baada ya dakika 5. Hata swichi ikiwa imeshawaka, poti isiyowekwa kuwa ya kompyuta inaweza kusubiri sekunde 30 ikichunguza kama kuna mzunguko wa kebo kabla ya kupitisha chochote. Kwa hiyo anwani ya 169.254 ikionekana Moshi saa 2 asubuhi, ninachomwomba aliyepiga simu ni kungoja dakika 5 hizo ziishe, kisha anisomee mstari wa seva ya DHCP. Ukiwa mtupu, tunatafuta kebo, poti na VLAN. Ukiwa na namba tusiyoijua, anaanza kuangalia nyuma ya katoni.