Kwa nini The Open, mashindano makongwe ya gofu, huzunguka kwenye viwanja vichache tu?

Je, wajua kwamba tangu mwaka 1860 mashindano ya The Open yamechezwa kwenye viwanja 14 tu? Uingereza ina viwanja vya gofu vingi mno, vingine vikisifiwa duniani kote, lakini kila Julai msafara hurudi kulekule: St Andrews, Carnoustie, Troon, Birkdale na ndugu zao wachache. Hata kati ya hivyo 14, vinne (Prestwick, Musselburgh, Deal na Prince's) havijaandaa mashindano haya tangu mwaka 1932.

Mashindano mengine makubwa yana taratibu zake. The Masters huchezwa Augusta, Georgia, tangu yalipoanza mwaka 1934, kwa hiyo huko hakuna cha kuchagua. The Open huhama, na anayeamua yahamie wapi ni R&A, chombo chenye makao yake St Andrews, Uskoti. Ukimuuliza mpenzi wa gofu ni nini hukipa kiwanja nafasi hiyo, atakutajia mchanga na upepo. Hajakosea, ila hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili haimo kwenye nyasi hata kidogo: ni reli, vitanda vya hoteli, ardhi ya ziada, na mwenendo wa wenye klabu.

Tuanze na mchanga. The Open haijawahi kuchezwa ndani ya bara. Viwanja vyake vyote vimelala kando ya bahari, juu ya matuta ya mchanga ambayo zamani hayakufaa kulimwa. Mchanga hunywa maji haraka, ardhi hubaki ngumu, nyasi huwa nyembamba, na mpira ukishatua bado una safari ndefu ya kudunda na kubingirika. Upepo nao huweza kugeuka kati ya asubuhi na alasiri, shimo lililokuwa rahisi kwa wa kwanza likamtesa wa mwisho. Mwaka 2006 kule Hoylake, karibu na Liverpool, jua lilikuwa limeukausha uwanja ukawa wa kahawia. Tiger Woods alitumia ile fimbo kubwa ya masafa marefu mara moja tu katika mashimo yote 72, akacheza kwa akili badala ya nguvu, na akatwaa kombe.

Waliozoea kutazama Kenya Open pale Nairobi wanajua gofu ya namna nyingine, ya nyanda za juu, kwenye miti mirefu na nyasi nzito, ambako mpira mara nyingi hukaa karibu na ulipoangukia. Mhispania Seve Ballesteros aliziweza zote mbili. Alishinda Kenya Open mwaka 1978, na mwaka uliofuata akashinda The Open pale Royal Lytham, siku ya mwisho mpira wake mmoja ukiwa umeishia kwenye maegesho ya magari.

Sasa, kama mchanga na upepo vingetosha, Prestwick isingeachwa kamwe. Hapo ndipo mashindano yalipozaliwa, Oktoba 1860, wachezaji wanane wakizunguka uwanja wa mashimo 12 mara tatu kwa siku moja. Willie Park alishinda kwa mikwaju 174, maana katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Prestwick iliandaa The Open mara 24. Ya mwisho ilikuwa 1925, na kilichoiondoa si ubovu wa uwanja, ni watu. Wakati huo kuingia kulikuwa bure. Maelfu walimfuata Macdonald Smith, mzaliwa wa Carnoustie aliyekuwa amehamia Marekani, ambaye alianza raundi ya mwisho akiongoza kwa mikwaju mitano. Umati ulimzonga, ukamzibia njia, ukajaa mbele yake hata asione mahali pa kulenga. Alipiga mikwaju 82 akashindwa. Uwanja ule umebanwa, mashimo yake yamepishana, na hapakuwa na namna ya kuwatawanya watu. Mwaka uliofuata, Royal Lytham ikaanza kutoza kiingilio. Prestwick ipo hadi leo na inachezwa, lakini The Open haijarudi. Naamini anguko la Macdonald Smith ndilo lililoifundisha gofu kwamba uwanja wa mashindano hupimwa pia kwa watazamaji wake.

Tangu hapo hesabu hiyo imezidi kuwa ngumu. St Andrews mwaka 2022 ilipokea watu 290,000, rekodi ya The Open. Fikiria majukwaa, mahema ya chakula, vyoo, mitambo ya televisheni, uwanja wa kufanyia mazoezi na maegesho: vyote vinahitaji ardhi tambarare nje ya mashimo 18. Hoylake ilikaa nje miaka 39, tangu 1967 hadi 2006, kwa sababu ya uhaba wa nafasi. Carnoustie, inayohesabiwa na wengi kuwa uwanja mgumu kuliko yote ya mzunguko huu, ilikaa nje tangu 1975 hadi 1999. Ugumu wake haukutiliwa shaka na mtu. Iliyokosekana ilikuwa hoteli, na ilipojengwa kando ya uwanja mashindano yakarudi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni Royal Portrush, Ayalandi Kaskazini. Iliandaa The Open mwaka 1951, Max Faulkner akashinda, kisha ikasahauliwa kwa miaka 68. Sehemu kubwa ya kipindi hicho ilikuwa miaka ya mabomu na mauaji, na hakuna mwandaaji ambaye angethubutu kualika dunia huko. Mkataba wa amani wa mwaka 1998 ulifungua mlango, ila gofu haikuingia mara moja. Ndipo wenyeji wakaanza kushinda. Graeme McDowell, mtoto wa Portrush yenyewe, alichukua US Open mwaka 2010. Rory McIlroy akaichukua 2011, na mwezi uliofuata Darren Clarke akatwaa The Open. Mwaka 2012 mashindano ya Irish Open yakapelekwa Portrush kama jaribio, na tiketi za siku zote nne zikaisha.

Ombi lilikuwa wazi, lakini R&A ilikuwa na sharti, nalo lilikuwa la ardhi. Mashimo mawili ya mwisho, la 17 na la 18, yalikuwa kwenye eneo tambarare lisilo na mvuto mkubwa kimchezo, eneo ambalo lingefaa sana kwa mahema na umati. Klabu ikakubali kuyaacha. Msanifu Martin Ebert akachonga mashimo mawili mapya, la 7 na la 8, kwenye matuta ya uwanja wa pili wa klabu hiyohiyo. Mwaka 2019 mashindano yakarudi. Walikuja watu zaidi ya 237,000, Shane Lowry kutoka Jamhuri ya Ayalandi akashinda, na mashabiki wa pande zote mbili za mpaka wakamshangilia kwa pamoja. Faida kwa eneo ilikadiriwa kupita pauni milioni 100. Mwaka 2025, miaka sita tu baadaye, The Open ilikuwa tena Portrush, na Scottie Scheffler akaibuka bingwa. Klabu ngapi zingekubali kutoa mashimo mawili yaliyochezwa na vizazi? Hilo ndilo lililoirudisha Portrush.

Kuna viwanja vilivyokwama kwa sababu zisizohusu nafasi. Muirfield, karibu na Edinburgh, ni uwanja ambao wachezaji wengi huusifu kuwa wa haki kuliko wowote. Ernie Els wa Afrika Kusini alishinda hapo mwaka 2002. Mei 2016 wanachama walipiga kura kuhusu kuwakubali wanawake. Asilimia 64 walisema ndiyo, lakini katiba yao ilidai theluthi mbili, pendekezo likaanguka. Siku hiyohiyo R&A ikatangaza kwamba Muirfield haitapewa tena The Open. Machi 2017 kura ikarudiwa, asilimia 80 wakakubali, na jina lake likarudishwa kwenye orodha.

Wapo walionung'unika kwamba chombo cha michezo hakina haki ya kuingilia nyumba ya watu binafsi. Sikubaliani nao. Anayetaka kupokea mashindano ya dunia nzima hawezi kumfungia mlango nusu ya dunia. Ni kweli R&A yenyewe ilichelewa mno: klabu ya St Andrews iliyoizaa ilianzishwa mwaka 1754 na ikawakubali wanawake mwaka 2014. Kuchelewa kwake hakulifanyi jambo lenyewe kuwa kosa. Na mwaka 2022 Muirfield iliandaa The Open ya wanawake kwa mara ya kwanza. Mshindi alikuwa Mwafrika, Ashleigh Buhai wa Afrika Kusini, aliyemaliza kazi kwenye shimo la nne la nyongeza huku giza likiingia.

Turnberry inauma zaidi. Mwaka 1977 Tom Watson na Jack Nicklaus walipambana hapo chini ya jua kali kwa siku mbili za mwisho, na Watson akashinda kwa mkwaju mmoja. Mara ya mwisho The Open kufika ilikuwa 2009. Mwaka 2014 Donald Trump alinunua uwanja huo pamoja na hoteli yake, akaufanyia matengenezo ambayo wengi wanasema yameupendezesha. Januari 2021, siku chache baada ya uvamizi wa bunge la Marekani, R&A ilisema haitaurudia hadi iridhike kwamba macho yatakuwa kwenye mashindano, wachezaji na uwanja wenyewe. Siku hizi viongozi wake huzungumzia zaidi barabara, reli na malazi ya eneo lile la pwani. Sababu hizo ni za kweli. Portrush ilipokea karibu maradufu ya watu waliofika Turnberry mwaka 2009, na barabara za kwenda huko ni nyembamba. Hata hivyo, kwangu mimi, pwani nzuri kama ile kukaa bila The Open ni hasara kwa mchezo.

R&A sasa inaangalia Portmarnock, kaskazini mwa Dublin. Ikichaguliwa, The Open itachezwa nje ya Uingereza na Ayalandi Kaskazini kwa mara ya kwanza. Mchanga upo, upepo upo, na jiji kubwa lenye uwanja wa ndege liko jirani. Mwaka 2021 wanachama wake walipiga kura ya kuwakubali wanawake.